Madensa wa Isevya waliotunga dansi ya sendofu ya mdogo wetu huku mtandao unawaangalia: nyota nne

Mwangaluka wadau. Wengi mmeniuliza inboksi wale madensa waliomwingiza mdogo wetu ukumbini ni wa wapi na bei yao ikoje, basi naandika hapa mara moja ili na wengine wanaopanga sendofu na harusi hapa Tabora wajue. Nawapa nyota nne kati ya tano. Hizo nne wamezitolea jasho, na hiyo moja niliyoibakiza nitaieleza kwa kirefu maana ndo sehemu ambayo mzazi au dada mtu anatakiwa aijue kabla hajatoa hela.

Jina la kikundi siweki, ni vijana wanaojitafuta na nina neno gumu juu yao huko chini, ila ukienda Isevya jioni ukauliza madensa wanaofanyia mazoezi chini ya miembe utapelekwa mpaka walipo, na utasikia spika yao kabla hujawaona. Wapo sita pamoja na kiongozi wao ambaye kila mtu anamwita Kocha.

Kinachowatofautisha na wengine ni hivi. Madensa wengi wa kumbi hapa mjini ukiwafuata wanakuja na stepu zao zilezile walizochezea sendofu ya wiki iliyopita, wanabadilisha nguo tu na wimbo. Hawa wanakutungia upya, tena wanatunga mbele za watu: kila kipande kikishaanza kukaa wanakirekodi kwa simu, wanakiposti kwenye akaunti yao, wanasoma komenti, wanarudi uwanjani wanabadilisha, wanaposti tena. Siku ya kwanza tu Kocha alituambia mimi na mama, "Mama, sisi kazi yetu watu wanaiona ikiwa bado mbichi, kama hamtaki mseme sasa hivi." Mama akauliza watu gani, akajibiwa yeyote mwenye simu. Mama akanyamaza kidogo akasema sawa ila uso wa binti yangu usionekane mpaka siku yenyewe, na hilo wamelishika mpaka mwisho, kwenye video zote densa mmoja wa kike ndo alisimama nafasi ya mdogo wetu. Kwa hilo nawashukuru sana, mwenyewe hakuonekana mtandaoni hata mara moja na aliingia ukumbini mpya kabisa.

Sasa nilichokuja kukielewa kwa kuhudhuria yale mazoezi, na ndo sababu kubwa ya kuandika yote haya, ni kwamba kuposti mazoezi sio tatizo wala sio sifa, kila kitu kinategemea unawauliza nini hao watu wanaoangalia. Ukiposti bila swali unapata mioyo na vicheko na "moto moto moto", hakuna densa anayejua abadilishe nini kwa kuambiwa moto. Ukiposti na swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa macho yake, unapata kitu cha kufanyia kazi. Kocha hilo analijua kuliko nilivyotegemea. Chini ya kila kipande anaweka swali moja tu. Kipande cha kwanza kabisa aliandika, "Ukiangalia hapa unaona nini kinatokea kati ya huyu wa katikati na wenzake?" Watu wakajibu: wanamsindikiza, wengine wanamkimbia, mmoja akasema wanamficha. Kocha akafurahi na hiyo ya wanamficha mpaka akaibeba, mwanzo mzima wa ile dansi mliyoiona, wale wapambe wetu, waliofundishwa na hao madensa, wanaomzunguka bibi harusi mtarajiwa mpaka haonekani halafu wanafunguka, umetoka kwenye komenti ya mtu ambaye hata hatumjui.

Nikamuuliza hii akili ameitoa wapi, akaniambia kuna njia ya kupokea maoni ambayo watu wa dansi duniani wanaitumia, imetungwa na mama mmoja Mmarekani mtunga dansi anaitwa Liz Lerman, tangu mwaka 1990. Nimeisoma baadaye na kwa kweli ni ya heshima mno, inaenda hatua nne: kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa au chenye maana kwao, halafu mtunzi ndo anauliza maswali yake, halafu watazamaji nao wanamuuliza mtunzi lakini maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, mwisho kabisa ndo mtu anatoa maoni yake na anaomba ruhusa kwanza, nina maoni kuhusu kitu fulani, unataka kuyasikia? Kuna hata shirika la dansi kule Leeds, Uingereza, Yorkshire Dance, waliwahi kutengeneza jukwaa zima la mtandaoni kwa kufuata njia hiyo, wakaliita Respond, watunzi wanaweka kazi ambayo haijaisha na watazamaji wanajibu kwa mpangilio. Sisi Isevya hatukuwa na jukwaa la namna hiyo, tulikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka kona na bando la kuunga unga, lakini swali moja chini ya video linafanya nusu ya kazi hiyo, nimeliona kwa macho yangu.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa miguu. Walishatunga kama sekunde arobaini za kuingilia, mimi naziona tamu, mama anaziona tamu. Wakaposti. Dada mmoja aliyejitambulisha anatokea Urambo akaandika, "Naona mikono inaongea sana ila miguu imenyamaza, ni makusudi?" Basi. Hakutukana, hakusifu, ameuliza. Kocha alisoma ile komenti kwa sauti halafu akakaa kimya, akawaambia wacheze tena, yeye akachuchumaa akawa anaangalia kuanzia magotini kushuka chini tu. Na kweli, miguu ilikuwa inatembea tu kubeba mwili, kazi yote iko mabegani na vidoleni. Sisi watu wa Tabora, ngoma za kwetu Unyamwezini ardhi inapigwa, vumbi linatoka, ukimfunga mchezaji njuga miguuni unasikia kama amekosea kabla hujaona. Kocha akaenda kwa jirani akarudi na njuga jozi moja, akamfunga densa mmoja, akazima spika kabisa, akamwambia cheza ile ile. Ikasikika fujo. Njuga zinalia popote zinapojisikia. Kuanzia hapo wakaanza kutunga upya kutokea chini, mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unakokota kidogo, njuga zinajibu ngoma ya kwenye wimbo, na mikono ikapunguzwa mpaka ikabaki ile inayohitajika. Jioni ile sikutaka kuondoka, niliona dansi inazaliwa mara ya pili. Na walipoiposti waliweka simu chini kabisa, imeegemeshwa kwenye tofali, inaona miguu tu na vumbi, wakamshukuru yule dada wa Urambo kwa jina la akaunti yake.

Mnajua kwa nini miguu ilinyamaza? Ni simu yenyewe. Simu inasimama wima, fremu nyembamba, ukitaka mtu aonekane uso vizuri lazima umsogelee na ukimsogelea miguu inakatwa. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kucheza kwa kuangalia video na kujirekodi anakua akijua dansi ni kuanzia kiunoni kwenda juu, anacheza amesimama palepale, anaangalia mbele muda wote. Na urefu nao. TikTok mwanzo video ilikuwa sekunde 15, ikaja 60, mwaka 2021 wakaruhusu dakika tatu na 2022 dakika kumi, lakini madensa wengi bado vichwa vyao viko kwenye zile 15 za kwanza, wanatunga vipande vifupi vinavyong'aa halafu wanavishona. Ukumbini unaona kabisa mshono ulipo, kuna pumzi ndogo pale ambapo video ilikuwa inaishia.

Hapo sasa ndo tulipobishana na Kocha. Ile apu inamwonyesha mwenye akaunti mchoro wa watu walivyobaki na walivyoondoka, sekunde kwa sekunde. Kocha akaona kwamba kila video yenye ule mzunguko, pale wapambe wanapowapa watazamaji mgongo, mstari unaporomoka. Watu wanapitiliza. Akaukata mzunguko. Nikafika mazoezini nikakuta dansi nzima inaangalia mbele, nikamuuliza ule mzunguko uko wapi, akanionyesha ule mchoro kwenye simu, dada hebu ona mwenyewe, hapa tunawapoteza.

Mimi nilimwambia Kocha hao unaowapoteza hawajaalikwa. Ukumbi wetu meza zimekaa pande tatu. Upande wa kushoto ni wakwe watarajiwa, wametoka Nzega, upande wa kulia ni ukoo wa baba, mbele kule ndo kamati na wafanyakazi wenzake mdogo wetu. Sasa dansi isiyogeuka maana yake wakwe wanaangalia masikio ya watoto wetu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na mchoro ule unakuambia mtu ameondoka sekunde ya nne, haukuambii kwa nini. Labda mzunguko mbaya, labda gari limefika, labda bando limeisha, labda ni mtu wa bara lingine hajui hata sendofu ni nini. Mtu aliyekaa kwenye kiti ukumbini na sahani ya pilau mbele yake hapitilizi kwa kidole, akipewa mgongo sekunde tatu anasubiri aone anageukiwa na nani.

Tena sio kweli kwamba kugeuka kunaua video. Ile dansi ya Jerusalema ya mwaka 2020, ya wimbo wa Master KG na Nomcebo, ilianzia kwa vijana wa Angola wanaoitwa Fenómenos do Semba, wanacheza uani wana sahani za chakula mikononi, wanageuka upande huu na upande huu, na dunia nzima ikaicheza, manesi, mapadri, polisi. Iliwashika watu kwa sababu unaona ni watu wako pamoja na unataka kusimama kwenye ule mstari.

Kocha akasema sawa, tusibishane, twende ukumbini. Hiki nampa sifa yake maana wengi wangekasirika. Siku moja kabla ya shughuli tukaomba funguo, madensa wakacheza toleo lisilogeuka, yeye akaenda akakaa kwenye meza ya wakwe. Akakaa wimbo mzima. Akasimama akasema rudisheni mzunguko. Na hakuurudisha kama ulivyokuwa, aliutengeneza ukawa wa kupokezana, mstari wa kwanza unageukia kushoto wakati wa pili bado uko mbele, halafu wanabadilishana, kwa hiyo hakuna meza inayokaa bila kuangaliwa zaidi ya muda mfupi. Waliofika mliona wenyewe kilichotokea, wakwe walisimama. Yule mzee wao mwenye fimbo ndo alikuwa wa kwanza kutoka kwenda kutuza, noti anaibandika kwenye paji la uso la mpambe na mtoto hajapoteza stepu.

Nataka niseme kidogo hapa kuhusu watazamaji kuamua dansi, maana kuna wanaodhani ni jambo lililoletwa na simu. Jirani zetu Wasukuma wana Bagika na Bagalu, makundi mawili yenye upinzani tangu karne ya 19, moja lilianzishwa na Ngika na jingine na Gumha. Baada ya mavuno wanashindana, wanacheza kwa wakati mmoja, huku kundi hili na kule kundi lile, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji mezani. Watu wanahama kwa miguu yao, na mkuu wa ngoma anawaona wanavyohama, anatoa nyoka, anatoa nungunungu, anabadilisha wimbo, na dawa za kuvuta watu nazo zinahusika. Huo ndo mchoro wa watu walivyobaki na walivyoondoka, ulikuwepo kabla ya umeme. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mtu wa pale uwanjani akihama unamwona sura, unajua ni nani, unajua ameenda kule kwa sababu kule wametoa chatu, na kesho unakutana naye shambani anakwambia mwenyewe. Anakuhukumu mtu anayeijua ngoma yako. Kwenye simu unapewa namba bila sura, na namba isiyo na sura inamtisha kijana kuliko inavyomfundisha.

Na hao wa mbali wakiwa wengi wanaweza kuvuta kazi nzima kwenda kwao. Kwa Kili Paul, kijana wetu wa Kimasai, wamemvuta kwa heri, alianza kuigiza na kucheza nyimbo za Kihindi mtandaoni na dada yake Neema, India ikampenda mpaka Waziri Mkuu Modi akawataja redioni Februari 2022. Sina ubaya na hilo hata kidogo, kijana amejituma. Ila ukiwa unatunga dansi ya kuingia sendofu Tabora lazima ujue mapema ni watu gani unataka wasimame.

Laivu nitaipita haraka. Walifanya laivu za mazoezi, zinafurahisha, watu wanatuma maua na kuuliza wimbo unaitwaje, lakini kwa kutunga hazifai. Komenti inafika imechelewa, mtu anaandika "hapo hapo rudia" na wenyewe wameshafika mbali, hakuna anayejua hapo ni wapi. Na madensa wakijua wako laivu hawakosei kwa uhuru, wanacheza kile wanachokiweza tayari. Kocha ameanza kuziacha, afadhali.

Sasa ile nyota.

Kati ya wapambe kulikuwa na binti wa shangazi, bado anasoma sekondari, mwili wake umejaa, na anacheza kuwazidi wote, hilo halina ubishi. Kocha mwenyewe alimweka mbele kulia siku ya kwanza kwa sababu njuga zake zilikuwa zinasikika safi. Video ikapostiwa. Asubuhi yake komenti zimejaa maneno juu ya mwili wake. Siyarudii hapa. Mengine ya kucheka, mengine ya wanaume wazima ambayo hayafai kusemwa kwa mtoto. Nikampigia Kocha, akasema dada tutazifuta, akafuta chache, nyingine zikakaa mpaka kesho yake jioni. Kisa alikuwa na sababu, video ilikuwa inapanda kuliko zote walizowahi kuweka, na akaogopa akizima komenti itashuka. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, hakunificha.

Kilichoniuma zaidi nilikiona mazoezini yaliyofuata. Yule binti amekuja na khanga amejifunga juu ya suruali. Anacheza huku mkono mmoja unashusha blauzi. Na kabla wimbo haujafika katikati ameshajisogeza mstari wa nyuma, mwenyewe, hakuna aliyemwambia, na mwenzake akasogea mbele kujaza pengo, na Kocha akaanza kurekebisha mistari kufuata hivyo walivyosimama kana kwamba ndo walivyopangwa. Yaani wale watu wenye midomo michafu, ambao hawataiona hata hiyo sendofu, walikuwa wameshapanga nani asimame wapi kwenye dansi yetu. Hakuna swali waliloulizwa, na wamejibiwa.

Shangazi alikuja kesho yake. Hakupiga kelele, shangazi yetu sio mtu wa kelele, alimwita Kocha pembeni akamwambia, "Mwanangu, huyu umemweka mbele kwa sababu ya nini?" Kocha akasema kwa sababu ya miguu yake. "Miguu imebadilika?" Hapana shangazi. "Basi." Video ikashushwa siku hiyohiyo, yote, na namba zake zote. Binti akarudi mbele, akacheza mbele kulia siku ya sendofu, na mkiangalia video ya ukumbini mzee wa fimbo alianza kumtuza yeye. Lakini hatukutakiwa kufika kote huko. Mtoto wa shule hakutakiwa kuwekwa kwenye akaunti ya wazi bila mzazi wake kuulizwa yeye binafsi, na kukubali kwa mama yetu hakukuwa kukubali kwa shangazi. Hilo ni kosa la kikundi na nimewaambia usoni kabla sijaandika hapa. Kocha amesema kuanzia sasa wenye chini ya miaka 18 wanarekodiwa miguu tu au hawarekodiwi, na komenti zinachujwa kwanza. Mkiwafuata mshikilieni kwenye hilo.

Kuna jambo jingine la kumtetea Kocha mwenyewe. Ile stepu ya kukanyaga na kukokota, iliyotokana na swali la dada wa Urambo, tumeshaiona kwenye akaunti kubwa ya mji mwingine, wameichukua vilevile na mpangilio wa mistari, hawakutaja mtu. Vijana waliumia sana. Haya mambo ni ya siku nyingi, mnakumbuka dansi ya Renegade? Aliyeitunga ni binti wa miaka 14 wa Georgia, Marekani, Jalaiah Harmon, Septemba 2019, akaiposti kwenye apu ya Funimate na Instagram, ikahamia TikTok wakatajirika nayo wengine kwa umaarufu, mpaka Februari 2020 gazeti la New York Times lilipomtafuta ndo dunia ikajua mwenyewe ni nani, akaenda kuicheza kwenye mechi ya nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kule Chicago. Hapa kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 inazitaja kazi za kutunga dansi kati ya kazi zinazolindwa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndo wanaohusika na usajili. Nilimshauri Kocha arekodi dansi nzima mara moja ikiwa imekamilika, kamera moja, bila kukata, aiweke na tarehe na majina ya waliotunga, na vipande vya mazoezi viendelee kuonyesha hatua moja moja. Na kwa wanaoiga, jamani, kumtaja mtu hakugharimu hata kumi.

Kuhusu usiku wenyewe sitasema sana, video zipo. Walifika mapema, nguo zimepigwa pasi, walimheshimu MC na DJ, na wimbo ulipokatika katikati kwa sababu ya umeme hawakusimama, njuga ziliendelea, watu wakapiga makofi kufuata njuga mpaka jenereta likawaka. Pale ndo niliona faida ya kutunga kuanzia chini, dansi ya mikono na sura ingekufa muziki ulipozimika. Kuingiza ndafu ndo kulilegea kidogo, ile kazi waliibandika mwishoni na inaonekana haikufanyiwa mazoezi ya kutosha, wabebaji wanne hawakuwa na hatua moja na sinia liliyumba. Bibi harusi mtarajiwa mwenyewe kasema ndo siku aliyocheza bila kufikiria mikono yake iko wapi, na mdogo wetu ni mtu wa aibu, mnamjua.

Bei: walitaja laki tatu na nusu tukapatana laki tatu, hapo ni kutunga, kufundisha wapambe mpaka waive, na wao wenyewe kucheza kuingia na ndafu. Nusu unatoa mwanzo, nusu siku ya mazoezi ya ukumbini. Nguo zao ni juu yao, njuga za wapambe tulikodi sisi. Nauli wanaomba ukiwa nje ya mji, Sikonge au Urambo mtaelewana. Kabla hamjalipa andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari: nani anaonekana kwenye video na mzazi gani kakubali, akaunti ya wazi au kundi la WhatsApp la ndugu tu, video zinashushwa lini mkisema zishushwe, na mazoezi angalau mara moja ndani ya ukumbi wenyewe na Kocha akae kwenye kila meza. Sisi hilo la mwisho tulilipata kwa kubishana, nyie liombeni mapema. Desemba wanajaa, wanaotaka msimu huo waanze kuwafuata kabla mvua hazijaanza maana wanafanyia mazoezi nje na ikinyesha hawana pa kwenda.